Mjumbe na Meza ya Lamidi

Siku ile Lamidi alikata lesi tangu asubuhi, na kila alipokata aliimba. Sisi majirani wa pale Gbagi, soko la nguo la Ibadan, tulimsikia tukasema, haya, leo duka la Iya Gbolahan limeamka na bahati. Mimi nauza nyuzi na vifungo mlango unaotazamana na wao, kwa hiyo naona mengi kuliko yanayonihusu, na nisiyoyaona naletewa. Sokoni hakuna siri bwana, kuna habari iliyochelewa tu.

Kijimashine kilichowekwa pembeni ya meza yake kilikuwa kinatoa vikaratasi kimoja baada ya kingine. Yadi tano. Yadi tatu na nusu. Yadi sita. Yadi tano tena. Lamidi anachukua karatasi, anasoma, anavuta lesi, mkasi unapita. Lesi yenyewe ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, sare ya harusi ya binti wa Bi Adetoun, harusi ya Jumamosi ya wiki ileile. Na Bi Adetoun si mtu wa kuchezewa. Mumewe ana matingatinga ya kuchimba barabara, lakini mdomo wa mkewe ndio unaosikika Ibadan nzima.

Adhuhuri Iya Gbolahan akarudi kutoka benki. Ni mama mnene, mzito wa hatua, mwenye duka lile tangu enzi za mumewe marehemu. Alisimama mlangoni, akaona vipande vya lesi vimerundikana hadi kiunoni mwa mtu.

"Lamidi, hizi za nani?"

"Za wateja, Mama. Leo kwetu kumekucha!"

"Wamelipa?"

"Ah, Mama, mimi nalipwa kukata. Kuuliza si kazi yangu."

Iya Gbolahan akatazama majora. La kwanza lilikuwa limebaki kijiti kitupu. La pili vilevile. La tatu lilikuwa limebakiza lesi ya kufungia kilemba kimoja. Akaketi juu ya kigoda, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Niitieni Moradeke," alisema. Hakupaza sauti, na hapo ndipo tulipojua kwamba kuna jambo.

Moradeke ni mke wa Gbolahan, mwana pekee wa yule mama. Ndiye aliyemleta Mjumbe dukani. Mjumbe si mtu. Ni wakala wa akili bandia, anayewajibu wateja kwenye simu, mmoja au mia kwa mpigo, bila kuchoka wala kununa. Gbolahan alikuwa Lagos kufuata mzigo, kwa hiyo siku ile mwanamke yule hakuwa na pa kujificha. Akatoka chumba cha nyuma na kompyuta yake mkononi, akaona rundo, rangi ikamtoka usoni.

"Hebu niambie," akasema mkwewe, "mtoto wako asiye na mama ameuza nini leo?"

Moradeke akafungua mazungumzo ya asubuhi, akasoma kimyakimya, kisha akalazimika kusoma kwa sauti, maana mama mkwe alikuwa amemkazia macho. Mteja wa kwanza aliandika hivi: Mimi nina nyonga pana, yadi ngapi zitanitosha? Mjumbe akapeleka vipimo mezani kwa Lamidi, yadi tano. Hakujibiwa. Akapeleka tena. Hakujibiwa. Akapeleka mara ya tatu. Mwishowe yule mteja akaandika: Asante, ngoja nimuulize mume wangu.

"Yadi kumi na tano," Iya Gbolahan akasema, "kwa mtu aliyekwenda kumuuliza mumewe."

Wateja wawili waliokuwa dukani wakacheka. Mmoja akaficha mdomo kwa khanga, mwenzake hata hakujisumbua.

Moradeke akapiga magoti, kama inavyompasa mke mbele ya mama wa mumewe, pale pale juu ya sakafu yenye nyuzi na vumbi. "Mama, kosa ni langu. Mjumbe hana mikono. Nimempa zana za kufanyia kazi. Moja ya kutazama bei, moja ya kutazama mzigo uliopo, na moja ya kupeleka neno kwenye meza ya Lamidi. Hajawahi kutia mguu dukani humu. Anachojua kuhusu kila zana ni yale maelezo niliyomwandikia, basi."

"Na ya meza uliandikaje?"

"Niliandika: Mezani, humpelekea Lamidi vipimo vya mteja."

Iya Gbolahan akawaza. "Sasa hapo kosa liko wapi? Si kweli humpelekea?"

"Ndiyo, Mama. Lakini sikuandika kwamba Lamidi akishavipata anakata."

"Nani asiyejua!"

Kweli, nani asiyejua? Katika duka lile, tangu baba mkwe akiwa hai, hakuna vipimo vinavyokwenda mezani kwa mchezo. Mama akiita "Lamidi, tano!", bei imeshakubaliwa, pesa imeshaingia kifuani mwa Mama, kazi iliyobaki ni ya mkasi. Hata mimi ng'ambo ya njia najua. Paka wa duka anajua. Ndiyo maana Moradeke hakuandika. Mjumbe yeye alidhani Lamidi ni fundi wa kuulizwa, kwamba ukimpelekea nyonga za mtu atakurudishia jibu. Lamidi hajibu. Lamidi anakata. Na Mjumbe alipoona kimya, akasema moyoni, kama ana moyo, labda hakusikia, ngoja nirudie.

"Na wewe, Lamidi!" Mama akamgeukia mkataji. "Tano, tano, tano za mtu mmoja, hukushtuka?"

"Nilidhani ni mapacha, Mama."

Ibadan ni mji wa mapacha, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumlaumu sana.

Maji yakimwagika hayazoleki, na lesi ikikatwa haiungwi. Vipande vya tano na sita vingeuzika, lakini vingi vilikuwa vya tatu na nusu, navyo havimtoshi mwanamke yeyote wa ukoo wa Bi Adetoun, wote wamejaliwa miili. Gbolahan akapigiwa simu, akahangaika Lagos mchana kutwa, akapata majora ya rangi ileile kwa Mhindi mmoja aliyejua kwamba anayenunua ana shida, akawekewa bei ya mwenye shida. Faida yote ya harusi ikaliwa hapo. Vile vipande vifupi Iya Gbolahan akaamua viuzwe vya kushonea kofia za vijana wa upande wa bwana harusi.

Kisha akamwita mke wa mwanawe mbele ya duka zima. "Nisikilize. Nakupa mpaka harusi ipite Jumamosi. Itokee aibu nyingine, hata ndogo, hicho kitu kinazimwa, na wewe ukatafute kazi kwa watu. Hapa utakuja kusalimia."

"Nimesikia, Mama."

"Na uandike sasa hivi, mbele yangu. Andika: hakuna kukata kabla ya pesa. Hakuna mkopo. Kwa mtu yeyote! Mwambie mkono mtupu haulambwi!"

"Niandike hivyohivyo?"

"Kwani nimesema Kichina?"

Moradeke akaandika. Huyu mwanamke alikuwa na miaka mingi ndani ya duka lile, na kwa miaka hiyo yote kazi yake iliitwa kuchezea vitufe. Wateja walimwita mke wa Gbolahan. Wenye mizigo walimwita dada. Mjumbe ndiye kitu cha kwanza alichokisimamisha mwenyewe, na sasa kilikuwa kinataka kumtoa mlangoni. Akasema moyoni: sitoki. Nitaandika mpaka kieleweke.

Yale maelezo mapya nimeyaona kwa macho yangu, alinisomea mwenyewe alipokuja kununua sindano. Yalisema: Mezani, humwamuru Lamidi akate kitambaa. Kikishakatwa hakirudi. Usiitumie mteja anapouliza bei, wala anapouliza yadi ngapi zitamtosha, kwa bei tumia zana ya Bei, kwa yadi tumia zana mpya ya Vipimo. Itumie mara moja tu kwa kila aliyelipa. Lamidi hatakujibu, na kimya chake maana yake amepokea, usirudie. Hakuna mkopo kwa mtu yeyote. Akiomba, mwambie mkono mtupu haulambwi.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Yamekaa vizuri," nikasema. "Hata mimi ningeweza kufanya kazi hapo."

Mimi na yeye wote hatukujua kosa limebaki wapi.

*

Jumanne ikapita salama. Wateja waliuliza, Mjumbe akajibu, waliolipa wakakatiwa, waliokwenda kuwauliza waume zao hawakukatiwa kitu. Lamidi aliacha kuimba, akawa anakitazama kile kijimashine kwa jicho la pembeni.

Jumatano, jua likiwa kali, Alhaja Sidikatu akaingia.

Huyu Alhaja nimtaje vizuri. Ni mwanamke wa makamo ya juu, mwembamba, hutembea na mwavuli hata kusiponyesha. Amenunua kwa Iya Gbolahan tangu wote wawili wana meno yote. Hapendi kuandika kwenye simu, hutuma sauti. Siku hiyo hakutuma kitu, alikuja mwenyewe, akasimama katikati ya duka lililojaa watu wa harusi, akafungua mkoba, akatoa furushi la naira na kulitupa mezani.

"Iya Gbolahan! Hesabu!"

"Alhaja, ee, karibu, kuna nini?"

"Hesabu kwanza! Usinikaribishe kabla hujahesabu, maana kwenu siku hizi mkono mtupu haulambwi!"

Kisha akainua simu yake juu watu wote wasikie. Sauti yake mwenyewe ikatoka, ya upole: Mwanangu, mwambie mama yako anikatie tano za sare, Ijumaa baada ya swala nitapita. Halafu ikafuata sauti ya Mjumbe, laini, yenye adabu zote: Shikamoo Mama. Samahani sana, kitambaa hakikatwi kabla ya malipo. Hapa kwetu mkono mtupu haulambwi.

Jamani, kuna aibu nyingine mtu unatamani uwe umechelewa kufika.

"Alhaja, wallahi si mimi," Iya Gbolahan akasema, na yeye ni mtu wa kanisa, lakini siku hiyo aliapa kwa dini ya mwenzake.

"Si wewe? Duka la nani? Mumeo alipokufa nani alilala nawe chini kwenye mkeka? Simu?" Macho ya Alhaja yalikuwa yamelowa. "Nimezeeka, sawa. Lakini sijafika pa kufundishwa methali na redio."

Iya Gbolahan akageuka. "Moradeke!"

Moradeke alikuwa ameshatoka. Akapiga magoti mbele ya Alhaja, akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa maneno yote anayofundishwa binti wa Kiyoruba tangu utoto. Kisha akageuka, magoti yakiwa bado chini, akamtazama mama mkwe.

"Kizime," Mama akasema.

"Mama, maneno yale yalitoka kinywani mwako. Ulisema kwa mtu yeyote. Nilikuuliza, niandike hivyohivyo?"

Vifungo vikanidondoka mkononi. Mke wa mtu, mbele ya wateja! Alikuwa amepiga magoti, lakini kauli yake haikupiga.

"Unanijibu mimi?"

"Sikujibu, Mama. Nakukumbusha neno lako. Na ulinipa mpaka Jumamosi. Leo Jumatano."

Uzuri wake yule mama, hasira zake ni kubwa lakini uongo hana. Alikumbuka vizuri kabisa alivyosema.

Alhaja ndiye aliyeamua. Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Mwache amalize siku zake. Mimi nimeshaudhika tayari, hakuna kitakachoongezeka." Akachukua pesa zake mezani, akazirudisha mkobani, akaketi. "Sasa nikatieni tano. Ijumaa nitapita."

Lamidi akakata bila karatasi.

*

Alhamisi duka lilifungwa mapema. Nyumbani, Iya Gbolahan alikuwa jikoni anasonga amala, ule ugali wa unga wa viazi vikuu, mwiko mkononi, jasho likimtiririka. Moradeke akaingia, akaanza kuosha majani ya mlenda wa ewedu, na bila kumtazama akauliza, "Mama, mtu akija kuomba mkopo, unajuaje kama umpe?"

"Namtazama."

"Unatazama nini?"

"Namtazama yeye."

"Usoni? Viatu?"

"We mtoto, mbona unanisumbua? Mtu unamjua ukimwona!"

"Mjumbe hana macho, Mama. Nisaidie."

Mama akasonga kwa nguvu, kisha akaanza kujibu, maana mkwe aliyekusudia jambo anachosha. Kuna yule unampa kwa sababu hajawahi kuomba. Kuna yule unamnyima kwa sababu anaomba huku anacheka. Kuna mwenye mali usiyemkopesha hata uzi, na kuna muuza maandazi unayempa jora zima ukalala usingizi. Kuna yule binti wa mtaa wa Oje, aliomba yadi mbili za kumzikia mama yake. Huyo hakupewa mkopo, alipewa bure, na hakuna anayepaswa kujua.

"Hilo nalo utaliandika?" Mama akauliza.

"Hapana."

"Na Alhaja?"

"Alhaja ningeweza kumwandika jina. Lakini wako wengine."

"Wako wengi." Mwiko ukasimama. Iya Gbolahan akavuta kigoda, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu sauti yake ikawa ya mtu aliyechoka. "Nikwambie kitu? Naogopa. Siku utakayomaliza kuandika yote yaliyomo kichwani mwangu, mimi nitakuwa wa nini dukani? Wa kukaa mlangoni kupunga nzi?"

Moradeke akaacha majani. Hakulitegemea hilo. Siku zote alidhani mama huyu anamdharau, kumbe alikuwa anamwogopa.

"Mama, nimekaa siku nzima najaribu kuyaandika," akasema. "Hayaandikiki. Nikiandika umpe mnyonge, tapeli naye atalia. Nikiandika umpe wa zamani, wako wa zamani wabaya. Bei naweza kuandika. Yadi naweza kuandika. Hili lako siwezi."

"Huwezi?"

"Siwezi, wala sitaki kujifanya naweza. Nitakachoandika ni kwamba hapa pana mtu wa kuulizwa. Mjumbe asiseme ndiyo, asiseme hapana. Aje kwako."

Iya Gbolahan akaunyanyua mwiko, akautazama. "Kuuliza si ujinga," akasema polepole.

"Si ujinga, Mama."

"Basi andika. Lakini asinisumbue na mambo ya bei. Bei anazijua. Na Jumapili asubuhi aniache na Mungu wangu."

"Hayo yanaandikika."

Walikula pamoja siku hiyo. Najua kwa sababu Moradeke aliniambia mwenyewe, na aliniambia kana kwamba ni jambo dogo.

*

Ijumaa asubuhi Iya Gbolahan alikuja na mpango wake. Alimnyang'anya Lamidi simu. "Mjumbe hanijui kwa namba hii. Leo mimi ni mteja. Nitamsumbua mpaka aombe likizo."

Tukasogea. Mimi nilifunga duka langu kabisa, biashara ya vifungo ingesubiri. Mama akaishika ile simu karibu na mdomo.

"Lesi ya damu ya mzee yadi bei gani?"

Mjumbe akataja.

"Ooo! Unataka kuniua? Nina watoto! Mlango wa tatu wanauza nusu ya hiyo!"

Jibu likaja: Pole Mama, bei ya mlango wa tatu ni ya mlango wa tatu. Yetu ni hiyo, ila ukichukua yadi kumi nitakupunguzia.

Mama akamtazama Moradeke kwa pembe ya jicho. "Hilo umemfundisha wewe?"

"Nilikusikiliza wewe ukiuza, Mama."

"Hm." Akarudi kwenye simu. Alimbariki Mjumbe kwa watoto wengi, akamtukana ukoo, akajifanya anaondoka, akarudi, akamwuliza yadi ngapi zitamtosha mwanamke mwenye nyonga kama mlango wa kanisa. Sote tukageukia kijimashine cha mezani. Hakikutoa kitu. Mjumbe akajibu tu: Tano zinatosha Mama, sita ukitaka kujinafasi.

Lamidi akapumua.

"Sasa ngoja," Mama akasema, akalegeza sauti mpaka ikawa ya mgonjwa. "Mwanangu, mimi ni dada yake Iya Gbolahan. Tumenyonya ziwa moja. Nikatie yadi kumi, nitalipa harusi ikiisha. Dada yangu anajua."

Lamidi alikuwa ameushika mkasi kwa mikono miwili, kifuani. Moradeke hakupepesa macho.

Jibu likaja: Asante Mama, subiri kidogo, nafikisha salamu zako kwa mwenye duka.

Na hapo hapo, ndani ya kifua cha Iya Gbolahan, alikoificha simu yake mwenyewe, kukalia. Akaitoa, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wenye umri wake, akasoma kwa sauti: "Mama, kuna mteja anasema mmenyonya ziwa moja. Anaomba yadi kumi, alipe baada ya harusi. Namba yake ni ngeni. Lamidi akate?"

Akaangua kicheko mpaka kilemba kikalegea. "Mwongo huyo! Mwongo mkubwa! Mama yangu alizaa msichana mmoja tu, naye ni mimi!" Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja: HAPANA. Simu ya Lamidi ikapokea jibu la adabu, la kumwomba mteja alipe kwanza, bila methali yoyote.

Tulipiga makofi, nikiri. Hata Bi Adetoun, aliyekuwa amekuja kuchukua kifungu cha mwisho cha sare za dada zake, alipiga makofi bila kujua ni ya nini.

Iya Gbolahan akafuta machozi ya kicheko, akaketi. Kisha akawa mtulivu. "Nisomee ulivyoniandika."

Moradeke akasita. Akafungua kompyuta. "Muulize Mama, humpelekea swali Iya Gbolahan, mwenye duka. Itumie mteja anapotaka kukatiwa kabla ya kulipa, au anaposema anajulikana hapa. Usikatae wala usikubali kabla hajajibu. Anawajua wateja kuliko kitu chochote kilichoandikwa. Jibu lake ni la mwisho, hata likiwa tofauti na la jana. Usimuulize bei, yadi wala rangi. Usimuulize Jumapili asubuhi."

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akavuta kamasi. "Hata likiwa tofauti na la jana," akarudia. "Umeniandika vizuri."

"Limebaki jambo moja, Mama. Usipojibu? Kesho utakuwa harusini, utacheza, simu hutaisikia. Jumatatu tuliharibikiwa kwa sababu Mjumbe alikuta kimya, na hakuna aliyemwambia kimya maana yake nini. Niandike mteja asubiri?"

"Mteja hasubiri. Anavuka njia."

"Niandike akataliwe?"

"Akiwa Alhaja je?"

Moradeke akangoja, vidole juu ya vitufe. Iya Gbolahan akatazama nje, akatutazama sisi tuliosongamana mlangoni, akamtazama Lamidi, akarudi kwa mke wa mwanawe. Tulidhani ataahirisha.

"Andika: nisipopatikana, aulizwe mke wa Gbolahan."

"Mjumbe hamjui mke wa Gbolahan, Mama. Anahitaji jina."

"Basi andika jina lako."

Akaandika.

"Andika: neno lake ni neno langu."

Vidole vya Moradeke vikasimama. Kisha vikaandika, taratibu, na akafunga sentensi kwa nukta.

"Sasa soma," Mama akasema. "Simama usome, na upaze sauti. Lamidi naye asikie."

Moradeke akasimama, akasoma.